UZI: Nishani ilikuwa kabatini kwa mama, kwenye cheti cha jeshi haimo. Nilivyoirejesha nikiwa hapa Mombasa

Dereva wa Miritini (mleta uzi)

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Uzi huu niliwaahidi vijana watatu tangu mwaka jana, na kila nikikaa kuandika napigiwa simu ya kontena. Leo lori liko gereji Changamwe, fundi ameshafungua injini, siendi popote. Naandika.

Wengi hapa wananijua kama mtu wa malori. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuvuta makontena ya Kilindini nilikuwa nikivuta mizigo ya jeshi la Marekani. Bahati nasibu ya grin kadi, kibali cha kuishi Marekani, ilinidondokea 2006, mwaka uliofuata nikajiandikisha jeshini, na kazi niliyopewa ndiyo hii hii ninayoifanya leo: dereva wa magari makubwa. Kati ya 2009 na 2010 nilikuwa Iraq, upande wa kusini, karibu na Nasiriyah. Kambi yetu ilipakana na mnara wa kale wa Ur, wa matofali, uliojengwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Magharibi ikiingia, ukiwa umepanda juu ya tangi kukagua vifuniko, unauona umekaa pale kama kilima kilichokatwa ngazi. Sijawahi kuusahau.

Tulipokaribia kurudi, sajini wetu alinipendekeza nitunukiwe nishani ya jeshi ya pongezi, wenyewe huiita ARCOM. Ni ya shaba, pembe sita, ina tai aliyekunjua mbawa na kushika mishale mitatu, na utepe wake ni wa kijani kibichi wenye mistari myeupe. Si nishani ya mashujaa wakubwa. Hupewa mtu aliyefanya kazi yake vizuri kuliko alivyotakiwa. Nilibandikwa kifuani kwenye gwaride dogo la watu wasiozidi thelathini, nikapewa cheti chake, nikapeana mkono na kanali, nikarudi kwenye gari.

Baada ya hapo nilihamishwa kituo. Mwaka 2011 nikamaliza mkataba. Siku ya mwisho karani alinisogezea karatasi inayoitwa DD 214, ambayo ndiyo cheti cha kumaliza utumishi, akaniambia nisome niweke sahihi. Nilitazama jina, nikatazama tarehe, nikatazama panapoonyesha nimetoka kwa heshima. Nikatia sahihi. Nje kulikuwa na foleni na mimi nilikuwa na ndege jioni. Kisanduku cha 13, panapoandikwa nishani na beji zote, sikukisoma neno kwa neno.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 2021 tuko Likoni kwa mama, binti yangu akazitoa nishani kwenye kabati la vyombo akazipanga juu ya mkeka. Akataka karatasi. Nikampa. Akaanza kuweka alama ya penseli: hii ipo, hii ipo, ya kampeni ya Iraq ipo, ya mwenendo mwema ipo. Kisha akaniambia, "Baba, hii ya kijani haimo."

Nikasoma mara mbili. Haimo.

Naomba mnielewe nilivyojisikia. Yule sajini alifariki 2018. Zile aya chache alizoandika juu yangu ndizo maneno ya mwisho rasmi aliyoyaacha kunihusu, na kwenye kumbukumbu za jeshi ilikuwa kama hakuyaandika. Mtu angefungua faili langu leo asingejua kwamba kuna usiku yule mzee alikaa hemani na kompyuta ya kikosi akitafuta maneno ya kumsifu dereva kutoka Likoni. Nilisema hili sitaliacha.

Sasa jinsi mambo yanavyokwenda.

DD 214 haiandikwi kwa kichwa cha karani. Huandikwa kutokana na yale yaliyomo kwenye faili lako siku ile. Kama agizo la nishani halijaingizwa, karani halioni, na asichokiona haandiki. Mimi agizo langu lilisainiwa wiki chache kabla sijahama kituo, na hapo katikati likapotea njiani. Ukiuliza kwa nini nishani nyingi zinakosekana kwenye vyeti, mara nyingi ni habari ya namna hiyo: uhamisho, kikosi kilichovunjwa, agizo lililotoka mtu akiwa ameshaondoka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia mbali. Nilisikia kuna Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Jeshi, nikajaza fomu yake, DD 149, nikaituma. Nikajibiwa kwamba Bodi ni mlango wa mwisho. Kwanza uwe umeomba marekebisho ya kawaida kwa ofisi inayohusika na ukashindwa. Jibu lilikuwa la haki, maana hata mahakama zetu ukienda na rufaa kabla ya kesi utarudishwa. Lakini ilinigharimu miezi.

Nikaanza upya. Nikajaza fomu ya SF 180, nikatia sahihi kwa kalamu, nikaipeleka Posta pale Digo Road, ikaenda kituo cha taifa cha kumbukumbu za wanajeshi kilichoko St. Louis, Missouri. Huko naliomba faili langu lote, si DD 214 pekee. Zingatieni hapo. Ukiomba DD 214 utaletewa ile ile yenye kosa. Omba faili zima ili ujue kilichomo na kisichomo. Kwa askari mwenyewe hakuna malipo.

Faili likaja. Agizo halimo.

Nikabaki na kile cheti cha ukutani. Anayeishi karibu na bahari anajua chumvi inavyofanya: pini ya nishani ilikuwa imeshika kutu na kuacha doa la kahawia juu ya karatasi, na chini pembeni, palipopigwa chapa namba ya agizo, wino ulikuwa umefifia. Nikakitoa kwenye fremu, nikaenda nacho uani juani, nikakiinamisha huku na huku. Tarakimu tatu za mwanzo zikasomeka: 105. Zilizofuata ukungu mtupu.

Lakini hizo tatu zilitosha kunifungua macho. Maagizo ya jeshi lile huanza na hesabu ya siku ya mwaka. Siku ya 105 ni tarehe 15 Aprili. Kwa hiyo nilijua agizo lilitoka 15 Aprili 2010, na nikajua wa kumuuliza: aliyekuwa luteni wetu wakati ule. Nilimtafuta kupitia kundi la wenzetu wa kikosi mtandaoni. Akajibu siku ya pili. Kwenye barua pepe zake za zamani alikuwa bado ana nakala ya DA 638, ile fomu ya kumpendekeza mtu kwa nishani, ina sahihi ya sajini, sahihi ya kanali aliyeidhinisha, na namba ya agizo nzima nzima.

Nilikuwa nimeegesha Mariakani nikisubiri mizani, nakala hiyo ilipoingia. Niliifungua kwenye simu nikasoma aliyoyaandika sajini. Kwamba katika miezi kumi na miwili sikuwahi kuliacha gari la mwenzangu barabarani. Hilo nilikuwa silijui kama aliliona.

Nikatuma fomu hiyo, picha safi ya cheti, nakala ya DD 214 na barua ya ukurasa mmoja kwa kamandi ya rasilimali watu ya jeshi huko Fort Knox, Kentucky. Barua fupi, bila malalamiko: nishani gani, agizo namba gani, tarehe gani, inakosekana kisanduku gani. Baada ya kama miezi saba ikaja DD 215.

DD 215 ni karatasi ya marekebisho. DD 214 haifutwi wala haibadilishwi. Hii huambatanishwa nayo na huonyesha kisanduku cha 13 kiongezwe nini. Tangu siku hiyo zinatembea pamoja. Binti ameweka alama yake ya penseli kwenye nakala, ile ya kijani ya mwisho.

Ulizeni, niko hapa hadi fundi aniite.

Kijana wa Kisauni

Maashallah kaka, nimesoma mpaka chai imepoa. Swali moja tu: kuna pesa humo? Yaani nishani ikiongezwa wanakulipa malimbikizo?

Dereva wa Miritini

Hapana, ndugu yangu. Nishani kama yangu ukiwa bado jeshini huongeza pointi za kupanda cheo, ukishatoka haileti hata senti. Ziko ambazo zina uzito mwingine. Ile ya Purple Heart, ya waliojeruhiwa au kuuawa na adui, humweka mtu juu zaidi kwenye foleni ya matibabu ya maveterani na kumwondolea baadhi ya malipo ya hospitali. Kwa mwenye hiyo, kukosekana kwenye cheti ni hasara ya mwili kabisa, asikae nayo. Lakini mimi nilifuata jina, si pesa.

Mpwani Norfolk

Salamu kutoka ughaibuni. Mimi niko jeshi la majini la Marekani, nimetoka Bamburi. Niongeze kwa wale ambao hawako jeshi la nchi kavu: sisi wa majini na wale Marines tuna bodi yetu, jeshi la anga lina yake na ndiyo inayohudumia pia lile jeshi jipya la anga za juu. Walinzi wa pwani nao wako chini ya wizara nyingine kabisa, ya usalama wa ndani. Fomu ya DD 149 ni moja kwa wote ila anwani ni tofauti. Kuna jamaa yetu mmoja alituma kwa bodi isiyo yake, karatasi zikazunguka wee.

Na mlioko ndani bado: msisubiri siku ya mwisho. Fungueni faili lenu kila mwaka mkalinganishe na kilichoko kifuani. Aliyeidhinisha leo yupo, kesho kahamishwa, keshokutwa kastaafu.

Dereva wa Miritini

Shukran sana, hilo la kila mwaka ningelisikia 2010 ningekuwa mbali.

Mzee wa Mtongwe

Nami nichangie kidogo. Mimi ni mstaafu wa jeshi letu la wanamaji hapa Kenya, si wa huko. Nimesoma uzi huu nikakumbuka wenzangu kadhaa waliotangulia mbele ya haki, wake zao wakaja kwangu wakiwa na mfuko wa nailoni: humo ndani picha, kofia, nishani mbili, karatasi hakuna. Mwanangu, umesema vizuri kuhusu agizo. Nishani bila agizo ni chuma. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu anaweza kuwa nazo kumi. Kinachosema ni yako ni lile agizo lenye jina lako na namba yako ya jeshi. Mimi yangu yote nimeyatia kwenye plastiki ngumu, nakala moja iko kwa mtoto Nairobi, moja kwa wakili.

Dereva wa Miritini

Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia. Nami cheti sijakirudisha ukutani. Kiko ndani ya bahasha kavu, ukutani nimetundika nakala.

Sina Mengi

Mimi nitasema ukweli hata kama utawauma. Ulikwenda kupigana vita vya watu katika nchi ya Waislamu, sasa unalilia kipande cha shaba. Kuna faida gani kwetu hapa?

Dereva wa Miritini

Ndugu, swali lako ni la haki na nimelijibu moyoni mwangu miaka mingi kabla hujaniuliza. Kuhusu vita vile, nina fikra zangu na siku moja tukikutana kibarazani nitakueleza zote, na huenda tukakubaliana kwa mengi. Sijaja hapa kuvisifu.

Lakini kumbukumbu ni jambo jingine. Pita barabara ya Jomo Kenyatta utazame zile sanamu za askari. Ziliwekwa kwa ajili ya wapagazi waliobeba mizigo na askari waliopigana vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, na wengi wao hawakuandikwa popote. Vita vile navyo havikuwa vyetu. Je, kwa sababu havikuwa vyetu, babu zetu wasiandikwe majina? Mimi naona ndiyo sababu zaidi ya kuandikwa. Mtu akikutumia, walau karatasi yake iseme ukweli juu ya ulichofanya.

Binti Kibokoni

Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili, naomba niulize na niseme pia. Kuuliza: kama mtu hana agizo kabisa na hakuna luteni mwenye barua pepe za zamani, Bodi inakubali ushahidi gani? Kusema: tumeshawahi kuandika hati za kiapo za namna hii, na kosa kubwa la watu ni kuandika sifa. "Huyu ni mtu mwema, alifanya kazi kwa bidii." Hati ya kiapo inatakiwa iseme uliona nini, ulikuwa wapi, lini, na ulijuaje.

Dereva wa Miritini

Dada, umegusa penyewe.

Bodi huanza kwa kuchukulia kwamba kumbukumbu za jeshi ziko sawa. Mzigo wa kuonyesha haziko sawa ni wako. Hawadai uthibitishe kama kwenye kesi ya jinai. Wanataka ushahidi wako uwe mzito kuliko ule wa upande wa pili, mizani iinamie kwako. Kwa hiyo mashahidi wa macho wenye viapo ni muhimu mno, hasa waliokuwa juu yako kwa cheo, na zaidi ya wote yule aliyekupendekeza. Ongeza picha zenye tarehe, barua ulizoandika nyumbani wakati ule, ripoti ya tathmini ya mwaka inayotaja nishani, hata jarida la kikosi. Mwenzetu mmoja alipata yake kwa picha ya gwaride pamoja na viapo vya watu wawili.

Kuna muda pia. Sheria inasema uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa. Isikuvunje moyo: Bodi inaweza kuusamehe muda huo ikiona ni kwa maslahi ya haki, na kwenye fomu pana mahali pa kueleza kwa nini umechelewa. Usipaache patupu. Eleza tu: niligundua siku fulani, kwa njia fulani.

Huamuliwa na jopo la raia wasiopungua watatu, wanasoma karatasi. Kufika mbele yao si haki yako, wakitaka wanakuita, na mara nyingi hawaiti. Kwa hiyo karatasi yako ndiyo mdomo wako. Sheria imewawekea ukomo wa miezi 18 kutoa uamuzi. Ukishindwa unaweza kuomba waangalie tena, ila uje na ushahidi mpya. Ukirudi na maneno yale yale umejichosha.

Tena kuna tofauti ambayo inawachanganya wengi. Kurekebisha kumbukumbu ni kwa nishani uliyokwisha kupewa na haikuandikwa. Kama hukuwahi kupewa, ila unaamini ulistahili na hakuna aliyekupendekeza kwa wakati, hiyo ni kazi nyingine, na muda wa kupendekeza ukiwa umepita hupitia kwa mbunge wa huko Marekani. Usiombe moja kwa jina la nyingine.

Ajenti wa Karatasi

Kwa wanaohitaji DD 214, DD 215, nishani, kila kitu, nafanya kwa haraka. Nitumie nakala ya cheti na namba ya hifadhi ya jamii.

Dereva wa Miritini

Jamani, msimpe mtu yeyote mtandaoni karatasi hizo. DD 214 ina kila kitu cha mtu: tarehe ya kuzaliwa, namba ya hifadhi ya jamii. Ukiipiga picha ukaituma ovyo umempa mtu funguo za nyumba. Kuomba ni bure, na mashirika ya maveterani yaliyotambuliwa huko hukusaidia kujaza bila malipo. Nimewaandikia wasimamizi wa jukwaa waiondoe ile.

Mkaa Diani

Kaka dereva, nina jambo la mume wangu. Yeye ni Mmarekani, tunaishi Diani. Marehemu baba yake alipigana Korea, akatoka jeshi la nchi kavu 1953. Nimeandika St. Louis, wakajibu faili halipo kwa sababu ya moto. Mume wangu amekata tamaa. Kweli kulikuwa na moto, au ni kisingizio?

Dereva wa Miritini

Shemeji, ni kweli kabisa, na ni msiba mkubwa kwao. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka ghorofa ya juu ya jengo lile, ukateketeza kati ya mafaili milioni 16 na 18. Kwa jeshi la nchi kavu, waliotoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 walipoteza kama asilimia 80. Hapakuwa na nakala. Baba mkwe wako yumo humo humo.

Lakini mwambie mumeo asikate tamaa. Kituo kile hujenga upya utumishi wa mtu kutokana na karatasi nyingine ambazo hazikuwa kwenye ghorofa ile: hati za malipo ya mwisho, ripoti za kila asubuhi za kikosi zinazosema nani yupo, nani mgonjwa, nani kajeruhiwa. Waandikie tena, safari hii weka namba yake ya jeshi kama mnayo, kikosi chake na miezi aliyokuwa huko. Ukiwapa kikosi na tarehe wana pa kutafuta. Na tafuteni nyumbani kwa ndugu zake kule Marekani, mara nyingi wazee waliacha nakala ya DD 214 mahakama ya kaunti waliporudi.

Tena kuna zawadi hapo. Korea Kusini ilitoa nishani yake kwa wanajeshi waliopigana kuwatetea, ila Marekani haikuruhusu watu wake waipokee hadi 1999. Maana yake hakuna DD 214 ya 1953 iliyo nayo, hata zile zisizo na kosa. Baba mkwe alipokuwa huko wakati wa vita, huenda anastahili na familia haijui.

Mkaa Diani

Nimemsomea mume wangu kwa sauti. Amenyamaza kidogo kisha akasema dada yake ana sanduku la viatu lenye barua za baba. Anampigia usiku huu, kwao bado mchana. Mungu akubariki.

Mjukuu wa Keya

Nilikuwa nasoma kimya. Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (K.A.R.) wa Waingereza, alitoka hapa Kilindini kwa meli akaenda Burma. Alikufa mimi mdogo. Tuna karatasi yake moja ya kuachishwa, imeandikwa nishani ya vita na ile nyota ya 1939 hadi 1945. Nyota ya Burma haimo. Lakini alikuwa akitusimulia mvua, matope na mto mkubwa waliovuka, Chindwin. Mama anasema alilitaja hata bonde la Kabaw. Je, kuna mlango?

Dereva wa Miritini

Mjukuu, hapa siko kwenye uwanja wangu, ila nitakupa ninayoyajua kwa yakini.

Waliomtuma babu ni Waingereza, kwa hiyo zile fomu zangu zote hazikuhusu. Nishani za Waingereza hushughulikiwa na ofisi ya nishani ya wizara yao ya ulinzi, iko Gloucester. Familia ya marehemu inaruhusiwa kuomba, kwa utaratibu wa nani wa karibu zaidi, na mtathibitisha uhusiano na kifo. Nyota ya Burma ilikuwa kwa waliotumikia kwenye kampeni ile kati ya 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945.

Na masimulizi ya babu si ya kubahatisha. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw nusu ya pili ya 1944, wakati wa masika ya kule, na mwezi Desemba ikaingia Kalewa, ukingoni mwa Chindwin. Alilosema mama yako linaingia ndani ya historia kama ufunguo na kufuli. Peke yake si ushahidi wa kutosha, lakini linakuonyesha pa kutafuta: alikuwa batalioni gani, na batalioni hiyo ilikuwa wapi.

Jingine: nishani za Waingereza za vita vile, kwa kawaida, hazikuchongwa majina. Kwa hiyo ukikuta nyota kwenye sanduku la mama, yenyewe haitasema ni ya babu. Rudi kwa Mzee wa Mtongwe hapo juu.

Mzee wa Mtongwe

Mjukuu, niongeze. Meli alizosafiria babu yako hazikufika zote. Khedive Ismail iliondoka hapa hapa Kilindini Februari 1944 ikazamishwa tarehe 12 na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Walikufa zaidi ya 1,200, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Kama babu alifika na kurudi, ana bahati, na nyinyi mna karatasi ya kushika. Wako wasio na hata hiyo.

Na usiseme karatasi hazipo mpaka uzitafute. Juzi tu, 2024, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitangaza majina zaidi ya 3,000 ya watu wa vita ile ya kwanza, yaliyopatikana kwenye makavazi ya jeshi letu hapa Kenya. Miaka mia yamelala kwenye masanduku.

Mjukuu wa Keya

Mzee, umenitoa machozi. Karatasi ya babu iko kwa mjomba Kaloleni. Nitaifuata Jumamosi.

Dereva wa Miritini

Ukiifikia, igeuze nyuma. Kwenye karatasi za zamani watu wengi husoma upande mmoja tu. Angalia mhuri, namba ya jeshi, na tarakimu yoyote iliyo kando ya herufi K.A.R., maana hiyo huenda ikakupa batalioni. Piga picha pande zote mbili mchana, nje, bila mwako wa simu. Usiiweke hapa. Niandikie faraghani, nami nitamwomba Binti Kibokoni atusaidie hati ya kiapo ya mama yako wakati bado anakumbuka lile bonde.

Fundi ananiita.

Binti Kibokoni

Mama aje wakati wowote wiki ijayo, asubuhi. Aje na kitambulisho. Hiyo nitaiandika mwenyewe.